Naomba ushauri: filamu fupi za kuwafundisha vijana tofauti za tamaduni (klabu ya shule, Tanga mjini)

MwalimuChumbageni
Ndugu wanajamvi, salaam. Ninasimamia klabu ya wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu hapa Tanga mjini, na mwaka huu tumeamua kutumia filamu fupi, zisizozidi dakika 20, ili kuzungumzia namna watu wa jamii mbalimbali wanavyoishi. Projekta ipo, spika ipo, na vijana wanahudhuria bila kusukumwa. Tatizo ni kwamba kila wanapoona jambo wasilolizoea, liwe vazi, chakula au namna ya kusalimiana, chumba kizima huangua kicheko, na baada ya hapo mjadala hauendi popote. Wakati mwingine huenda pabaya zaidi, pale kijana anapohitimisha kwamba taifa zima halina adabu kwa sababu ya mtu mmoja aliyemwona kwa dakika kumi. Isitoshe, filamu nyingi ninazozipata zina maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na wapo wanaoyasoma polepole mno hata picha ikawapita. Kwa waliowahi kufanya kazi hii, nichague filamu za namna gani, na mjadala niuendesheje?

MamaMuheza
Mwalimu, salaam. Kicheko usikipige marufuku, maana kijana akikatazwa kucheka atanyamaza, na akinyamaza hutajua anachofikiri. Mimi huonyesha kipande cha dakika mbili au tatu bila sauti kabisa, kisha kila mmoja anaandika kwenye daftari alichokiona tu: nani aliketi wapi, nani alianza kusema, nani hakumtazama mwenzake usoni. Neno la kuhukumu, kama "amedharau" au "ana kiburi", linaandikwa upande wa pili wa ukurasa. Baadaye narudia kipande kile kile kikiwa na sauti, nao wenyewe wanakata yale maneno ya upande wa pili ambayo hayana tena ushahidi. Kazi hii inachosha mara ya kwanza, lakini ndiyo inayowafunza kutofautisha walichokiona na walichokidhania.

Kuhusu filamu yenyewe, itafute Borom Sarret ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1963, inayomfuata mwendesha mkokoteni wa farasi katika jiji la Dakar kwa siku moja, na ambayo ni ya takriban dakika 20. Kuna mahali ambapo mwimbaji wa sifa za koo, ambaye kule huitwa griot, anamwimbia mwendesha mkokoteni utukufu wa mababu zake, naye anampa pesa aliyoichuma asubuhi ile, ilhali nyumbani wanamsubiri alete chakula. Vijana wako watasema ni mjinga. Simamisha picha hapo hapo, uwaulize mama na shangazi zao wanapoinuka harusini kwenda kumtunza mwimbaji wa taarabu, katika mji huu uliotupa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, wanatunza kwa ajili ya nini. Utaona mikono inavyonyooshwa.

Hata hivyo, usiishie kwenye kufanana, kwani griot na mwimbaji wa taarabu si kitu kimoja: wa kwanza amerithi kazi ya kutunza kumbukumbu za koo, na wa pili amejifunza sanaa. Tena Sembène, ambaye ni Msenegali, anaionyesha desturi ile kwa ukali wa wazi. Kwangu mimi hilo ndilo lenye uzito kuliko yote, yaani kijana aone kwamba Wasenegali wenyewe wanabishana juu ya desturi zao kama sisi tunavyobishana juu ya michango ya harusi. Akishaliona hilo, itamwia vigumu kusema "wao ndivyo walivyo".

KijanaWaNgamiani
Mwalimu, kuhusu lugha, kumbuka wasimuliaji wa vibanda vya video, ambao waliwawezesha watu kufuata filamu za Kichina na za Kihindi bila kusoma neno hata moja. Chagua mwanafunzi mwenye sauti nzuri, aitazame filamu mapema, kisha asimulie kwa Kiswahili wenzake wakitazama.

MamaMuheza
Mdogo wangu, wazo ni zuri, ila wasimuliaji wale walikuwa na tabia ya kuongeza mizaha yao, na mara nyingi mzaha ulimwangukia mgeni yule yule ambaye hapa tunataka aeleweke. Basi msimulizi aandike maneno yake kwanza, mwalimu ayapitie.

MzeeWaPongwe
Mwalimu, salaam. Sioni sababu ya kuanzia Dakar. Tangu Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge mwaka 1893, mashamba ya mkoa huu yamepokea vibarua kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji na Burundi, na wajukuu wao wamekaa madawati mamoja na watoto wa Kidigo, Kibondei na Kisambaa. Wape vijana simu warekodi filamu zao za dakika tatu kuhusu majirani zao wenyewe, kabla ya kuwahukumu watu wa mbali.

MwalimuChumbageni
Mzee wangu, shikamoo. Nimelipenda wazo hili, lakini lina jambo linalonitia wasiwasi. Darasani nina kijana mmoja tu wa Kimasai, na nikianza na makabila yaliyomo humu ndani, macho yote yatamgeukia yeye, na atalazimika kujibu kwa niaba ya watu ambao wengi wao hajawahi kuwaona.

DadaWaKamera
Mwalimu, hofu yako ina msingi, na ndiyo maana ningetanguliza filamu ya mbali, ambayo hakuna aliyemo chumbani anayehusika nayo, mpaka watakapozoea ule ukurasa wa pande mbili. Wakifika kwenye kurekodi, kila mmoja aanzie nyumbani kwake, na mada iwe ndogo, kwa mfano mgeni akibisha hodi anapokelewaje, au nani anapakuliwa chakula kwanza. Anayerekodiwa aione filamu kabla ya wengine na awe na haki ya kukifuta kipande chochote, na wazazi watoe ridhaa kwa maandishi, kwa sababu hawa bado ni watoto na picha ikishasambaa kwenye simu hairudi. Simu ishikwe kwa ulalo, na mahojiano yafanyike ndani, kwani upepo wa bahari pale Raskazone humeza kila neno.

MzeeWaPongwe
Marahaba, mwanangu. Hoja yako na ya huyo binti nimezikubali. Ila wakifika kwa babu na bibi, wasianze kwa kuwauliza kabila. Wawaulize walianza kazi gani walipofika hapa, nani aliwafundisha, na siku ya mapumziko walicheza ngoma ipi na pamoja na nani. Mzee aliyekata mkonge ujanani akiulizwa hayo atazungumza mpaka simu iishe chaji, kwa hiyo waende na ya akiba.