Dawa ya kulegeza misuli na antibiotiki mpya: naomba ushauri kabla sijameza

Muulizaji

Habari za leo, ndugu zangu. Siku tano zilizopita niliinama kuokota ndoo, mgongo ukakaza ghafla hata nikashindwa kusimama wima. Daktari alinipima, akasema mfupa hauna tatizo bali misuli ndiyo iliyokaza, akaniandikia tizanidini ya miligramu 2, kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Imenisaidia kweli, kwani sasa ninaweza kujigeuza kitandani bila kuuma meno. Hata hivyo kinywa kinakauka mno, na usiku wa kuamkia jana nilipoamka kwenda msalani miguu ilinilegea, macho yakaingia kiza, nikashika mhimili wa mlango mpaka kizunguzungu kilipopita.

Jana jioni nilianza kusikia maumivu wakati wa kukojoa. Nilikwenda kliniki nyingine, nikaandikiwa siprofloksasini. Sikuulizwa kama kuna dawa nyingine ninayotumia, nami sikusema, kwa kuwa nilidhani mgongo na mkojo havihusiani. Pakiti zote mbili ziko mezani mbele yangu, na hiyo ya antibiotiki bado sijaifungua. Je, ninaweza kuzitumia pamoja? Na kizunguzungu kile ni cha kawaida?

Mchangiaji wa kwanza (mfamasia)

Pole sana, ndugu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kufungua pakiti. Dawa hizo mbili hazitumiwi pamoja, na hili si suala la kupishanisha saa za kumeza.

Tizanidini huvunjwavunjwa kwenye ini na kimeng'enya kimoja hasa, na siprofloksasini hukizuia kimeng'enya hichohicho kisifanye kazi. Watu wenye afya njema walipopewa zote mbili katika utafiti, kiasi cha tizanidini kilichopita katika damu yao kiliongezeka takribani mara 10. Kwa hiyo kidonge chako kidogo cha miligramu 2 kinaweza kukuelemea kana kwamba umemeza vidonge kumi kwa mpigo: shinikizo la damu hushuka, mapigo ya moyo hupungua, na usingizi huwa mzito kupita kiasi. Fluvoksamini, ambayo ni dawa ya sonona, huongeza zaidi ya hapo, nayo imekatazwa vilevile.

Kuhusu kizunguzungu, tizanidini ni jamaa wa klonidini, dawa inayotumika kushusha shinikizo la damu, kwa hiyo si ajabu ukiinuka ghafla ukaona kiza. Kilele chake katika damu hufika saa moja hivi baada ya kumeza. Jaribu kukumbuka kama ulikwenda msalani muda mfupi baada ya dozi ya usiku. Unapoamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikiwa sakafuni, ndipo usimame taratibu. Mweleze daktari wako jambo hili hata kama halitajirudia. Ukizimia, au wa nyumbani wakishindwa kukuamsha, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali.

Naomba usiyaache maambukizi ya mkojo bila tiba kwa kuogopa dawa. Ipigie simu kliniki leo hii, uitaje tizanidini kwa jina na kwa kipimo chake, kwa sababu ziko antibiotiki nyingine zisizogongana nayo. Mtajie daktari pia vidonge vya uzazi wa mpango kama unavitumia, maana navyo huichelewesha tizanidini kutoka mwilini. Pombe, dawa za usingizi na dawa kali za maumivu kama kodeini au tramadoli, kaa nazo mbali.

Mchangiaji wa pili

Mimi si mtaalamu, ila nimetumia baklofeni, dawa nyingine ya kulegeza misuli, kwa miaka kadhaa tangu nilipoumia uti wa mgongo, na ninalo neno moja tu: usiache ghafla. Niliwahi kusafiri nikasahau vidonge nyumbani, nikajiambia siku mbili si kitu. Siku ya pili ngozi iliwasha mwili mzima, miguu ikakakamaa kama mbao, jasho likanitoka, na usiku nikaona watu chumbani ambao hawakuwapo. Daktari aliniambia kwamba ningeweza kupata degedege. Tangu siku hiyo vidonge vya akiba hukaa ndani ya mkoba ninaotembea nao.

Mchangiaji wa kwanza (mfamasia)

Asante kwa ushuhuda huo, na ni kweli tupu kwa mtu aliyetumia baklofeni muda mrefu. Nisingependa lakini muulizaji aingiwe na hofu isiyo yake. Kwa tizanidini, hatari ya kuacha ghafla, yaani shinikizo la damu kupanda na moyo kwenda mbio, huwahusu hasa waliotumia miligramu 20 au zaidi kwa siku kwa wiki nyingi. Hao hupunguziwa kidogo kidogo. Miligramu 6 kwa siku tano ni jambo jingine, ingawa uamuzi wa kuacha au kuendelea bado ni wa aliyekuandikia.

Mchangiaji wa tatu

Naongeza kuhusu chakula. Chagua ama kumeza tizanidini pamoja na chakula ama bila chakula, kisha ushikilie utaratibu huohuo kila siku, kwa sababu kubadilishabadilisha hubadili kiasi kinachoingia katika damu. Usiendeshe gari mpaka ujue dawa inakufanyaje.

Muulizaji

Nimepiga simu. Daktari wa kliniki alinyamaza kidogo niliposema tizanidini, kisha akaniambia niirudishe pakiti ile bila kuifungua, akanibadilishia antibiotiki. Dozi ya kwanza nimeimeza mchana. Yule wa mgongo naye ameniambia niache kidonge cha usiku hadi anipime shinikizo la damu kesho asubuhi. Majina ya dawa zote nimeyaandika kwenye karatasi, nayo nitakwenda nayo.