Mjadala: Je, kuna haja ya kulipia daraja la sarafu za kisasa za dhahabu?

Hoja ninayoileta mbele yenu inawahusu wanaonunua sarafu za dhahabu za akiba, yaani zile zinazotengenezwa ili mtu anunue uzito wa dhahabu na si kumbukumbu ya historia: Krugerrand ya Afrika Kusini iliyoanza mwaka 1967, Maple Leaf ya Kanada ya 1979, Gold Eagle ya Marekani ya 1986 na Britannia ya Uingereza ya 1987. Wapo wanaoshauri kwamba kila sarafu ya aina hiyo ipelekwe kwa kampuni za kitaalamu kama PCGS na NGC za Marekani, ambako hukaguliwa, hupewa daraja kati ya 1 na 70, kisha hufungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba yake. Msimamo wangu ni kwamba, kwa sehemu kubwa ya sarafu hizi, fedha hiyo inapotea bure.

Kipimo hicho kilibuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani ya kale, sarafu zilizokuwa zimepita katika mikono mingi na ambazo hali zake zilitofautiana sana. Hapo daraja lilikuwa na kazi. Gold Eagle mpya haijapita mkononi mwa mtu, hivyo nyingi huangukia 69 au 70, na kinachoyatenganisha madaraja hayo mawili ni dosari inayotafutwa kwa kioo cha kukuza mara tano. Siku mwenye 70 atakapoipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu, atalipwa thamani ya wakia moja, sawasawa na mwenye sarafu iliyokwaruzika. Wafanyabiashara wakubwa, kwa upande wao, hupeleka sarafu kwa wingi na kuagiza kwamba zifungwe zile tu zilizofikia daraja fulani. Mtu mwenye sarafu moja, anayelipia ukaguzi, bima na usafirishaji wa kwenda na kurudi, hawezi kuzifidia gharama zake namna hiyo. Kwa sarafu ya sehemu ya kumi ya wakia mzigo huo ni mzito zaidi.

Zipo pia lebo zinazotangaza kwamba sarafu ilipokewa ndani ya siku 30 za mwanzo za mauzo. Kiwanda cha Marekani chenyewe kimeeleza kwamba hakifuatilii mpangilio wa kuchapwa kwa sarafu, kwa hiyo sioni mnunuzi anapata nini hapo.

Hoja nzito ya upande wa pili ni hofu ya bandia, nami naiheshimu. Tungisteni ina msongamano wa takriban gramu 19.25 kwa sentimita ya ujazo, na dhahabu tupu 19.32, kwa hiyo sarafu ya dhahabu tupu kama Maple Leaf inaweza kuigwa kwa namna ambayo mizani peke yake haitaigundua. Hata hivyo, dhahabu hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko tungisteni, na vifaa vya kupima tofauti hiyo bila kuidhuru sarafu vipo kwa wauzaji makini. Gold Eagle ya wakia moja, ambayo ni ya karati 22, lazima iwe na uzito wa gramu 33.93 na kipenyo cha milimita 32.7. Britannia za kuanzia 2021 zina picha inayobadilika kadiri sarafu inavyogeuzwa kwenye mwanga. Makasha yenyewe, kwa bahati mbaya, nayo hughushiwa.

Ninakubali jambo moja bila kusita. Mwaka 1999 baadhi ya Gold Eagle za dola 5 na dola 10 zilichapwa kwa mihuri iliyokusudiwa sarafu maalumu za wakusanyaji, ikiwa bado haijang'arishwa, zikatoka na herufi W, alama ya kiwanda cha West Point, isiyostahili kuwapo. Herufi hiyo ndiyo inayozipa bei ya juu kuliko dhahabu iliyomo, na anayeinunua bila uthibitisho wa mtaalamu anajihatarisha.

Kwa wanaotetea ukaguzi wa sarafu zote, naomba mnijibu hili: ukiondoa makosa ya kiwandani ya namna hiyo, ni sarafu ipi ya akiba ambayo nyongeza iliyolipwa kwa ajili ya daraja la 70 ilirudi kwa mwenyewe alipoiuza, baada ya kutoa gharama zote?