Jarida limenirudishia andiko kisa marejeo, yako 62 na yote nilichapa kwa mkono. Nianzie wapi?

Nesi wa Kati:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana hili jambo nimekaa nalo siku ya tatu sasa na usingizi sipati. Masta nilimaliza mwaka jana, utafiti wangu ulihusu kina mama wajawazito wanaochelewa kuanza kliniki, supavaiza akanishauri nipunguze disatesheni iwe andiko fupi nitume kwenye jarida. Nikatuma. Siku nne tu limerudi, halijafika hata kwa wapitiaji, mhariri anasema marejeo hayafuati mwongozo wao, wanataka staili ya Vancouver (ile ya namba) na mimi niliandika APA (ile ya jina na mwaka) kama chuo kilivyotaka. Nimepewa siku 14.

Sasa marejeo ni 62 na yote nilichapa mwenyewe moja moja, sikutumia programu yoyote. Nilianza kubadilisha, nikaweka namba kuanzia utangulizi, nimefika rejea ya 23 ndo nagundua kuna moja nimeiruka kule aya ya pili, kuiingiza tu namba zote za mbele zimehama. Nikafunga laptopu. Kuna njia ya kubadilisha zote bila kuanza upya? Na jamani, ni kweli kazi inarudishwa kwa ajili ya nukta na mkato?

Mkutubi_77:
Pole sana dada. Hizo namba za mkono achana nazo leo leo, hutazimaliza, maana wapitiaji wakikwambia ongeza rejea mbili utarudi ulipoanzia.

Kuhusu nukta na mkato, ndiyo inarudishwa, ila siyo nukta peke yake. Chukua ile makala ya Watson na Crick ya DNA, mkia wake kwa APA unakaa hivi: Nature, 171(4356), 737–738. Kwa Vancouver unakuwa hivi: Nature. 1953;171(4356):737-8. Mwaka umetoka kwenye jina la mwandishi umehamia baada ya jina la jarida, baada ya nukta mkato hakuna nafasi, na ukurasa wa mwisho umekatwa ukabaki 8. Majina nayo yanabadilika, APA anaandikwa Watson, J. D. na nukta zake, Vancouver ni Watson JD basi. Halafu APA toleo la 7 inakuruhusu kutaja waandishi mpaka 20, wakati majarida mengi ya Vancouver yanataja sita wa kwanza kisha unaweka et al., yaani na wenzao. Na majina ya majarida yanafupishwa kwa namna iliyokubalika, usijitungie, East African Medical Journal ni East Afr Med J, unaangalia kwenye katalogi ya NLM, maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Kwa hiyo mhariri akiona orodha ya APA anajua mwandishi hajafungua mwongozo, na ataanza kujiuliza na mambo mengine.

Sasa fanya hivi. Crossref wana ukurasa wao unaitwa Simple Text Query, kopi orodha yako upesti pale, itakutafutia DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, kwa zile zenye nayo. Kisha pakua Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, ni ya bure, kuna kitufe chenye alama kama kijiti, ukibonyeza unaweka DOI hata nyingi kwa mpigo na yenyewe inaleta mwandishi, mwaka, kurasa, kila kitu. Kazi ya mkono inayobaki ni kwenye Word, kila palipoandikwa (fulani, 2019) unafuta unaingiza rejea kupitia Zotero. Hapo hakuna njia ya mkato, nisikudanganye, lakini kwa 62 ni kazi ya siku moja na nusu ukitulia. Ukimaliza unachagua staili ya Vancouver, namba zinajipanga zenyewe, na ukiongeza rejea katikati zinajipanga tena.

mwana_wa_pwani:
Mkutubi kamaliza. Mimi naongeza moja, kuna mtu atakuja inbox akwambie ipe ChatGPT ikubadilishie. Dada usifanye hivyo na orodha nzima. Mwenzangu ofisini alifanya, ikampangia vizuri kweli, ila rejea tatu kurasa zilibadilika na moja ilikuwa na jina la mwandishi ambaye hayupo kabisa kwenye ile makala. Alikuja kushikwa na mpitiaji. Kila DOI ifungue kwa macho yako pale doi.org uone kichwa kinachotokea ndicho ulichosoma.

Nesi wa Kati:
Asanteni sana sana, Mungu awabariki. Nimekesha nayo. DOI zimepatikana 47, zimeingia Zotero vizuri sikuamini. Zilizobaki 15 ni ripoti na miongozo, ndo nimeanza kuziingiza mwenyewe na hapa nimekwama tena. Mwongozo wa Wizara ya Afya, kwenye orodha unatokea hivi: Afya W ya. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ndo kabisa, imekuwa Takwimu O ya T ya. Nimefuta nikaandika upya mara tatu inarudi vile vile. Na ule mwongozo umeandikwa Kiswahili, jarida ni la Kiingereza, kichwa nikitafsiri au nikiache?

Mkutubi_77:
Hahaha hiyo inatupata wote dada. Programu inadhani Wizara ni mtu, Afya ni jina la ukoo. Pale kwenye sehemu ya mwandishi, pembeni ya yale masanduku mawili ya jina, kuna kialama kidogo, kibonyeze masanduku yataungana yawe moja, andika humo Wizara ya Afya zima zima, haitaligusa tena. Kama umetumia ripoti ya TDHS ya 2022, ule utafiti wa kitaifa wa watu na afya, jiandae, ile waandishi wake ni taasisi tano, Wizara ya Afya ya Bara, ya Zanzibar, NBS (hiyo Ofisi ya Taifa ya Takwimu), OCGS (ya takwimu ya Zanzibar) na kampuni ya ICF, kila moja mpe mstari wake na sanduku moja.

Kichwa cha Kiswahili kiache kama kilivyo. Ukitaka unaongeza tafsiri yake kwenye mabano ya mraba, na mwishoni mwa rejea unataja lugha.

Sauti ya Fasihi:
Niingilie kidogo hapo kwenye lugha. Mimi niko upande wa fasihi, huku kwetu staili ya marejeo ni Chicago, na Zotero ilikuwa inanipandishia herufi kubwa vichwa vyote vya Kiswahili, kila "ya" inakuwa "Ya" na kila "na" inakuwa "Na", inasikitisha kuona kitabu cha mzee wetu kimeandikwa hivyo. Dawa yake ni sehemu iliyoandikwa Language, weka sw, inaacha. Wewe kwenye Vancouver haitakusumbua ila ijaze tu, kesho utatuma jarida lingine.

Halafu kabla ya kutuma tunza kopi mbili. Moja yenye viungo vya Zotero iwe yako, nyingine bonyeza Unlink Citations ndo utume. Ukivunja viungo kwenye kopi pekee uliyonayo, wapitiaji wakirudi na maoni unaanza kuchapa kwa mkono tena.

Nesi wa Kati:
Wizara imekaa sawa! Nimebonyeza kile kialama ikakubali hapo hapo. Na mwana_wa_pwani umeniokoa, nimefungua DOI zote 47, mbili zimenipeleka kwenye makala nyingine kabisa, waandishi wale wale ila mwaka tofauti. Moja nimeipata. Hiyo nyingine ninayo nakala ya karatasi kwenye boksi nyumbani kwa mama, Jumamosi naenda kuitafuta, bado nina siku tisa.