Naomba ushauri: shoka la Wasongye na visu vya zamani, nitajuaje ni vya kweli?

Mwana-Katuba
Jambo yenu bayaya. Hapa Lubumbashi nauziwa vitu vitatu: shoka la Wasongye lenye sura ndogo za watu kwenye chuma, kisu cha Wamangbetu kilichopinda, na chuma kirefu karibu mita moja na nusu. Muuzaji anasema hicho kirefu kilikatia watu vichwa. Kimoja nataka kumpelekea shemeji Ubelgiji. Niangalie nini kabla sijatoa makuta?

Fundi wa Kamalondo
Hadithi ya vichwa ni ya kupandisha bei tu. Chuma kirefu hivyo, chembamba, kisicho na pa kushikia, ni liganda ya Watopoke na Walokele, upande wa Kisangani. Ilikuwa fedha, ikitolewa kwenye mahari. Upanga unaotajwa kwa kukata vichwa ni ngulu ya Wangombe, mfupi zaidi na wenye mpini.

Shoka ndilo la kukagua. Chukua sumaku ndogo, ila usipoteze muda kwenye chuma chenyewe, maana cha jana na cha mababu vyote vinaivuta. Ipitishe kwenye mpini: ndani ni mti, nje ni bati la shaba. Ikishika bati, basi hiyo si shaba, ni chuma kilichopakwa rangi. Kisha tazama fito zenye sura kwa mwanga wa pembeni. Mhunzi aliziunga kwa moto na nyundo, kwa hiyo ungio halionekani wazi. Ukikuta vitone vya kuchomelea kwa umeme, rudisha. Unene ulio sawa mwanzo hadi mwisho, na mikwaruzo iliyonyooka ya mashine, mara nyingi ni springi ya gari iliyokatwa.

Mama Ruashi
Na kutu, ndugu. Ya zamani ni kahawia nyeusi, imekaa kwenye mabonde ya nyundo, huku kingo zimelainika kwa kushikwa. Ya kutengenezwa ni ya machungwa, imeenea sawasawa, inabaki vidoleni. Wengine huzika chuma na chumvi. Hicho kitakusumbua: mvua zikianza kinatoa vitone vya njano, na ukikifuta vinarudi, kwa sababu chumvi imeingia ndani.

Mwana-Katuba
Asante sana mama. Kisu kina matundu mawili, mpini ni mweupe. Ni kawaida?

Fundi wa Kamalondo
Matundu ni ya kawaida kabisa kwa Wamangbetu. Mpini ndio mtihani. Tazama mwisho wake ulipokatwa: mistari myembamba inayopishana kama wavu ni pembe ya ndovu, vitundu vidogo vyeusi ni mfupa. Ikiwa pembe, usiifungashe. CITES, mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, imefunga biashara yake ya kimataifa tangu 1990. Na vile viwili vingine pia, kama ni vya kale, havitoki nchini bila ruhusa, kwa sheria ya 1971 ya kulinda mali za utamaduni. Pita kwanza Makumbusho ya Taifa hapa mjini.

Mama Ruashi
Ukishanunua, usiguse msasa, ndimu wala siki: ile rangi nyeusi ikitoka, thamani imetoka nayo. Sugua kutu mbichi kwa kijiti cha mwanzi, futa kwa kitambaa kikavu, paka nta isiyo na rangi, nyembamba sana. Mafuta ya mawese hapana, yanachacha na kunasa vumbi. Kwenye ukuta wa sementi weka vipande vya mti nyuma ili hewa ipite, na usivifunge ndani ya plastiki kuanzia Novemba.