Skwoshi: seti za Jahangir Khan ziliishia 9, za leo huishia 11: tunazilinganishaje?

Mkazi wa Mafinga

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Naomba kueleweshwa jambo lililonitia katika ubishi na mjomba wangu, ambaye zamani alifanya kazi katika shamba la chai lenye chumba cha skwoshi, mchezo wa wawili kupiga mpira ukutani kwa raketi, na ambaye hadi leo hakubali kwamba baada ya Jahangir Khan wa Pakistani dunia imepata mchezaji mwingine. Amenionyesha matokeo ya mechi ya mwaka 1983 ambayo Jahangir alimshinda Gamal Awad wa Misri kwa 9-10, 9-5, 9-7, 9-2, akisema ilichukua saa 2 na dakika 46. Nimejumlisha nikapata alama 60 tu. Inawezekanaje alama 60 zichukue muda wote huo, na hiyo 10 imetoka wapi ikiwa seti ilikuwa inaishia 9?

Kocha wa shule, Iringa

Kamwene, ndugu. Mjomba wako hajatia chumvi. Wakati huo alama ilipatikana kwa anayeanzisha mpira peke yake. Anayepokea akishinda hakuandikiwa kitu, alipewa tu zamu ya kuanzisha. Kwa hiyo ubao ungeweza kukaa 3-2 kwa muda mrefu huku wachezaji wote wawili wakitota jasho. Seti ya kwanza ya mechi hiyo pekee ilichukua dakika 71. Kuhusu 10, wachezaji walipofungana 8-8, anayepokea ndiye aliyechagua kama seti iishie 9 au 10.

Leo wanaume wa kulipwa huhesabiwa alama katika kila mpira unaochezwa, na tangu mwaka 2004 seti yao huishia 11; wakifika 10-10 huendelea mpaka mmoja aongoze kwa alama mbili. Seti ya 11-1 leo ina maana ya alama 12 zilizochezwa, ukiacha mipira iliyorudiwa kwa sababu mchezaji alizuiwa njia. Seti ya 9-1 ya zamani haikwambii ilichezwa mipira mingapi.

Hata hivyo, namba hizo za zamani zina utamu wake. Katika fainali ya dunia ya mwaka 1981 huko Toronto, Jahangir, akiwa na umri wa miaka 17, alimshinda Geoff Hunt wa Australia kwa 7-9, 9-1, 9-2, 9-2. Ukiiweka karibu na ile ya Awad utaona jambo lilelile: mpinzani anachukua seti ya kwanza, kisha miguu inamwisha. Ross Norman wa New Zealand alipomwangusha Jahangir katika fainali ya mwaka 1986 kule Toulouse, seti ya mwisho ilikuwa 9-1, na safari hii aliyekwisha nguvu alikuwa Jahangir mwenyewe.

Mchezaji wa Uyole

Nakubaliana na kocha, ila wasomaji wasidhani kwamba hesabu mpya imemaliza mechi ndefu. Mwaka 2015 nchini Kanada, Leo Au wa Hong Kong alimshinda Shawn Delierre kwa dakika 170, yaani dakika 4 zaidi ya mechi ya Awad, na kila mpira ulikuwa na alama yake. Kinachofupisha mechi nyingi, kwa maoni yangu, ni pia lile bati la chini ya ukuta wa mbele, ambalo mpira ukiligusa aliyeupiga amepoteza: la wanaume wa kulipwa lina urefu wa sentimita 43 badala ya 48, hivyo mpira mfupi wa kushambulia unalipa zaidi. Mimi nikisoma matokeo hutazama dakika kwanza, kisha alama.

Baridi nayo isisahaulike. Mpira wa mashindano, wenye nukta mbili za njano, hauruki mpaka upate joto. Hapa kwetu mwezi wa Juni unaweza kuupiga ukutani hadi mkono uchoke, na ukiuacha sakafuni kidogo tu unapoa na kuwa kama kipande cha ugali.

Mkazi wa Mafinga

Asanteni sana, nimeelewa. Sasa mjomba anauliza: hao wa leo wametwaa nini cha kumfikia Jahangir?

Kocha wa shule, Iringa

Ali Farag wa Misri ametwaa ubingwa wa dunia mara 4. Mwaka 2024 jijini Cairo ubingwa ulikwenda kwa Diego Elías wa Peru, aliyemshinda Mostafa Asal katika fainali. Mwaka 2025 huko Chicago Asal akaupata kwa kumshinda Farag, ambaye alistaafu baada ya mashindano hayo. Jahangir ana mataji 6 ya dunia, pamoja na mataji 10 mfululizo ya British Open, mashindano makubwa ya Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1991, na hayo 10 sioni wa kuyagusa. Lakini mwambie mzee kwa heshima kwamba Jansher Khan, Mpakistani mwenzake aliyemfuata, ana mataji 8 ya dunia.