Naomba ushauri: muda wa kupima lithiamu kwa wagonjwa wa baipola
Wakuu, kwa wenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) waliowahi kujidhuru hatutaki kuiacha lithiamu, dawa ya kutuliza hisia. Ushahidi wake wa kupunguza vifo vya kujiua ni mzito. Shida ni kipimo cha kiwango chake kwenye damu. Aliyemeza saa 3 usiku atolewe damu saa 3 asubuhi, yaani saa 12 baada ya dozi, lengo milimoli 0.6–0.8 kwa lita. Foleni ya magari ya Mbagala, Dar es Salaam, ikimfikisha saa 6 mchana, majibu yanashuka na dozi inaongezwa bila sababu, jambo la hatari. Chupa ya damu yenye heparini ya lithiamu (kizuia damu kuganda) nayo hupandisha majibu kwa uongo.

Mnawapangiaje wa mbali: dozi ya usiku icheleweshwe, au damu itolewe kituo cha jirani? Na diklofenaki (dawa za maumivu) za madukani, zinazopandisha lithiamu, mnazizuiaje?