Probox inavuja oili: silikoni, gasketi mpya, sili ya nyuma au dawa ya chupa?

Dereva wa Kondele
Wadau, Probox yangu ya injini ya 1NZ hubeba mzigo Kisumu–Busia. Kila asubuhi nakuta doa chini, upande wa giaboksi, na dipstiki inaonyesha oili inapungua. Mekanika mmoja anasema ni sili ya nyuma ya kranki, ile ringi ya raba inayozuia oili pale injini inapoungana na giaboksi, kwa hiyo giaboksi ishushwe. Mwingine anataka kupaka silikoni ya kuziba kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini. Mwenye duka la spea naye ananisukumia chupa ya dawa ya kuzuia kuvuja. Nishike lipi?

Spana Kibuye
Usishike lolote kwanza. Kuna aliyeosha injini hapo? Oili ikitoka kwenye tapeti kava huteremka nyuma ya injini hadi inapoungana na giaboksi, na anayechungulia kutoka chini huapa ni sili. Kushusha giaboksi ni kazi ya siku nzima, na ukiishusha bure utalipa tu. Paka degrisa, sugua kwa brashi, suuza bila kupiga maji oltaneta na koili. Endesha mpaka injini ipate moto, kisha mulika tochi ukianzia juu. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo chanzo. Usisahau filta, swichi ya presha ya oili, na washa (ringi) ya nati ya sampu, lile karai la oili chini ya injini.

Mwana Nakuru
Angalia rangi pia. Ikiwa nyekundu, hiyo ni ya giaboksi, si ya injini.
Silikoni naipinga. Ikipakwa nyingi, inayobanwa kwa ndani hukatika, vipande vinaziba chujio la pampu ya oili, na hapo unazungumzia injini nyingine.

Mama Probox
Dawa ya chupa msiitukane sana. Hulainisha sili za raba zilizokauka, kwa hiyo jasho dogo linaweza kupungua. Gasketi iliyokatika haiponi kwa dawa.

Spana Kibuye
@Mwana Nakuru, kwa 1NZ silikoni inatakiwa, lakini tone tu: pembe mbili ambapo kava ya cheni, ile ya ubavuni mwa injini, inakutana na kichwa cha injini. Kuipaka kuzunguka tapeti kava nzima ndio uchafu.

Dereva wa Kondele
Nimeosha. Sili iko kavu kabisa! Kumelowa pembe ya nyuma ya tapeti kava. Nanunua gasketi leo.

Spana Kibuye
Sawa kaka. Kabla ya kuifunga, toa valvu ya PCV, ile inayopunguza presha ya ndani ya injini, uitikise. Isipolia, imeganda, presha itabaki ndani na gasketi mpya itaanza kuvuja kama ya zamani. Bolti zikazwe kidogo kidogo kuanzia katikati, bila kuning'inia kwenye spana. Ni nyembamba, na ikikatikia ndani ya kichwa cha injini utatafuta mtu wa kuitoboa.

Mwana Nakuru
Na gasketi iwe ya raba laini. Ikunje dukani kabla hujalipa; ikiwa ngumu kama plastiki, mwachie mwenyewe.